Mstari wa Ulalo: Mazungumzo juu ya Maumbo ya Pembe Nne

 

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya maumbo: mraba, mstatili, pembetatu, duara, na ndugu zao. Najua ya kuwa mwenye jembe atasema, "Hayo ni mambo ya ubao na chaki, nayo ni ya watoto, mimi yanihusu nini?" Namwomba asiondoke upesi. Mambo haya yamo katika shamba lake, katika msingi wa nyumba yake, na katika mlango wa zizi lake. Na asiyeyajua aweza kupata hasara kila mwaka bila ya kuibiwa na mtu. Nitaanza kwa mfano, wala sitataja jina la mtu wala la kijiji.

Mzee mmoja alikuwa na shamba kando ya barabara itokayo Makambako kwenda Njombe. Upande mmoja shamba lilipakana na barabara, na upande mwingine likapakana na kijito. Kijito hicho hakikuikuta barabara kwa kusimama wima, bali kiliijia kimeinama, kama mti uliosukumwa na upepo. Mwaka mmoja mpwa wake, mtoto wa dada yake, alimjia akataka kulikodi shamba lile kwa msimu mmoja apande viazi mviringo. Mzee akamwambia, "Shamba hili ni eka moja kamili. Nimelipima kwa miguu yangu mwenyewe: upande huu hatua 70, na huu 70, na huu 70, na ule 70." Mpwa akaridhika, kwa maana ndivyo watu wengi vijijini wapimavyo eka: hatua 70 kwa 70. Akalipa fedha ya eka moja, akanunua na mbegu ya eka moja.

Yule kijana alikuwa mwangalifu. Alipanda kwa mistari, kutoka mstari hata mstari sentimeta 75, na kutoka shimo hata shimo sentimeta 30, kama wafundishavyo mabwana shamba. Kwa nafasi hiyo eka moja yachukua mashimo 18,000, au karibu na hayo. Alipofika mwisho wa shamba akaona ajabu: ardhi imekwisha, na mbegu imebaki. Akahesabu, akaona mbegu iliyobaki ni ya mashimo zaidi ya 2,000. Akaenda kwa mzee.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona uso wako hauna furaha?"

"Mjomba, nisamehe kwa neno nitakalolisema. Shamba limekwisha nami mbegu ninayo bado. Naona kana kwamba shamba si eka moja."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Twende tukapime, wewe na mimi." Wakaenda, wakapima kwa hatua pande zote nne. Wakapata 70, na 70, na 70, na 70. Mzee akasema, "Je, sasa ni nani aliyekosa?" Kijana hakuwa na la kujibu, lakini mbegu ilikuwa pale pale ndani ya gunia. Basi wakaachana kila mmoja ana neno moyoni. Mjomba alidhani kwamba mpwa amebana mbegu ili adai fedha yake, na mpwa alidhani kwamba mjomba ana siri. Kumbe wote wawili walikuwa wakweli.

Tuwaache kwanza, tutawarudia. Sasa tutafute kosa lilikuwa wapi.

Wanafunzi, kesho tafuteni fito nne nyembamba za mianzi, zote za urefu mmoja. Zifungeni kwa uzi kwenye ncha zake ziwe umbo la pembe nne, wala msikaze sana. Likisimama vizuri, umbo hilo ni mraba: pande zote nne ni sawa, na kila pembe yake ni pembe mraba, yaani pembe kama ya kona ya ukurasa wa kitabu, ambayo hupimwa nyuzi 90. Sasa ushikeni ufito wa chini, na ule wa juu usukumeni kidogo kwa upande. Mtaona mraba umeinama. Sukumeni tena, utazidi kuinama. Na mkizidi kusukuma, mwisho fito zote zitalala pamoja, na ndani yake hapatabaki nafasi hata ya kupitisha kidole.

Je, urefu wa fito umebadilika? Haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni pembe, na pembe zilipobadilika, eneo lililo katikati likapungua. Basi hapa mmekwisha kuliona neno lile ambalo mzee na mpwa wake hawakuliona: urefu wa pande nne haukuambii umbo, wala haukuambii eneo. Pande nne zile zile zaweza kuzunguka eneo kubwa, na zaweza kuzunguka eneo dogo sana.

Kisha chukueni fito tatu mzifunge vivyo hivyo, nanyi mjaribu kuzisukuma. Hazisogei. Ukijua pande tatu za pembetatu umekwisha kuijua pembetatu yenyewe, pembe zake zote na eneo lake, kwa maana hakuna pembetatu nyingine iwezayo kufanywa kwa pande zile. Rudini sasa kwenye lile umbo lenu la fito nne linaloyumba, mfunge ufito wa tano kutoka kona moja mpaka kona inayoikabili. Mara moja litasimama imara, wala halitasogea tena. Ufito huo wa tano ndio uitwao mstari wa ulalo. Nao umeligawa umbo la pembe nne kuwa pembetatu mbili, na pembetatu hazidanganyi.

Mafundi seremala walijua jambo hili tangu zamani. Tazameni lango la zizi lililofanywa na fundi mwema: ana mbao nne za kando, naye ametia ubao mmoja unaokwenda kwa kukingama kutoka kona hata kona. Usipokuwapo ubao huo, baada ya miezi michache lango litalegea, na ncha yake itaburuta chini. Tazameni na kenchi za paa: zote ni pembetatu juu ya pembetatu. Nchi ya Njombe ni nchi ya mbao, na kila siku magari hupita Makambako yamezichukua kwenda mbali. Mwenye kuzifanyia kazi mbao hizo yampasa ajue kwa nini ubao wa ulalo hautupwi.

Sasa niwatajie ukoo wa maumbo ya pembe nne, maana ni kama ukoo wa watu: wote wana asili moja, lakini kila mmoja ana tabia yake. Kila umbo la pembe nne, hata likiwa limepotoka namna gani, pembe zake nne zikijumlishwa ni nyuzi 360. Sababu yake ni nyepesi. Pembe tatu za pembetatu jumla yake ni nyuzi 180. Chaneni karatasi umbo la pembetatu, mkate kona zake tatu, mziweke kona hizo pamoja. Zitafanya mstari ulionyoka. Na kwa kuwa mstari wa ulalo hugawa umbo la pembe nne kuwa pembetatu mbili, jumla ni 180 mara mbili.

Katika ukoo huo yuko kwanza trapeza, ambaye ana pande mbili zilizo sambamba, yaani zinazokwenda pamoja bila kukutana. Yuko msambamba, ambaye kila upande wake ni sambamba na upande unaoukabili, na pande zinazokabiliana ni sawa kwa urefu. Mistari yake miwili ya ulalo hukatana katikati barabara. Yuko rombasi, ambaye ni msambamba mwenye pande zote nne sawa. Mistari yake ya ulalo hukatana kwa pembe mraba. Yuko mstatili, ambaye ni msambamba mwenye pembe mraba zote nne. Mistari yake ya ulalo ni sawa kwa urefu. Tena liko umbo la tiara, yaani kishada wanachorusha watoto, lenye pande mbili fupi zilizo sawa na zinazofuatana, na pande mbili ndefu zilizo sawa na zinazofuatana. Na mraba ndiye aliyerithi sifa zote: pande zake ni sawa kama za rombasi, na pembe zake ni sawa kama za mstatili. Kwa hiyo kila mraba ni rombasi, lakini si kila rombasi ni mraba. Kama vile kila Mbena ni mtu, wala si kila mtu ni Mbena.

Shamba la yule mzee lilikuwa rombasi. Pande zote nne zilikuwa hatua 70, lakini lilikuwa limeinama kwa kulifuata kijito. Yeye alilihesabu kana kwamba ni mraba.

Mwashi naye asikilize. Anapochimba msingi wa nyumba, aweza kupima upande wa mbele mita 8 na wa nyuma mita 8, na kila ubavu mita 6, akafurahi. Lakini nyumba yake bado yaweza kuwa msambamba ulioinama, na siku ya kuezeka ndipo bati zitakapomwonyesha kosa. Dawa yake ni kupima mistari miwili ya ulalo. Pande zinazokabiliana zikiwa sawa, na mistari miwili ya ulalo ikiwa sawa, basi nyumba ni mstatili wa kweli. Kwa nyumba hiyo niliyoitaja kila ulalo utakuwa mita 10. Lakini yote mawili sharti yawepo, kwa maana iko trapeza yenye mistari ya ulalo iliyo sawa, nayo si mstatili.

Mafundi wengi hutumia pia hesabu ya 3, 4, na 5. Kutoka kwenye kigingi cha kona hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili pakiwa mita 5 kamili, basi kona ni pembe mraba. Hesabu za namna hii ni za kale sana. Katika nchi ya Babeli, iliyo Iraki ya leo, waandishi walikuwa wakiandika juu ya udongo mbichi. Kibao kimoja cha udongo wao, cha miaka kama 1800 kabla ya Kristo, kimehifadhiwa New York katika Chuo Kikuu cha Columbia, nacho huitwa Plimpton 322. Ndani yake mna orodha ya hesabu za jamaa hiyo hiyo ya 3, 4, na 5, na nyingine ni kubwa sana.

Sasa twende Makambako tukaitazame reli. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, yatoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia, mwendo wa kilometa 1,860. Mafundi walipata kazi ngumu sana kuipandisha kutoka Mlimba hata Makambako, kwa sababu ya milima na mabonde. Lakini pande zote ilikopita, upana kati ya chuma na chuma ni ule ule: milimita 1,067, yaani futi 3 na inchi 6. Hiyo ndiyo maana ya sambamba.

Ukisimama stesheni, mahali pa salama, uliza moyoni mwako: upana huo hupimwaje? Ukiweka fimbo kwa kukingama, itoke chuma hiki na kufika chuma cha pili ikiwa imeinama, utapata urefu mkubwa kuliko 1,067. Sharti fimbo ikate chuma vyote viwili kwa pembe mraba, ndipo utakapopata upana wa kweli. Na ndivyo ilivyo katika shamba lililoinama. Eneo la msambamba si upande mara upande. Ni upande mara kimo, na kimo ni upana ule uliopimwa kwa pembe mraba, kama upana wa reli. Upande ulioinama siku zote ni mrefu kuliko kimo. Kwa hiyo atumiaye upande badala ya kimo huhesabu ardhi ambayo haipo.

Msidhani kosa hili ni la watu wa vijijini tu. Nchini Misri, kando ya mto Nili, liko hekalu la Edfu, lililojengwa kati ya miaka 237 na 57 kabla ya Kristo. Katika kuta zake yameandikwa mashamba yaliyotolewa kuwa mali ya hekalu, pamoja na vipimo vyake. Waandishi wa hekalu walihesabu hivi: waliziunganisha pande mbili zinazokabiliana na kuchukua nusu yake, kisha wakafanya vivyo hivyo kwa pande mbili nyingine, na nusu hizo mbili wakazizidisha. Kwa mstatili hesabu hii ni sahihi. Kwa umbo jingine lolote la pembe nne hutoa eneo lililo kubwa kuliko la kweli, wala haipunguzi kamwe. Shamba la mzee wetu lingepimwa na waandishi wale, nao wangesema ni hatua za mraba 4,900, kama alivyosema yeye. Na tufikiri kidogo: kama mtu hulipa kodi au ushuru kwa ukubwa wa shamba, hesabu izidishayo daima humwumiza nani?

Liko na kosa jingine lililo ndugu ya hilo. Watu wengine hupima shamba kwa kulizunguka tu, wakasema, "Mzunguko wake ni hatua 280, na la jirani ni 280, basi mashamba haya ni sawa." Tuyatazame. Mraba wa hatua 70 kila upande una mzunguko wa 280, na eneo lake ni 4,900. Mstatili wa hatua 100 kwa 40 nao una mzunguko wa 280, lakini eneo lake ni 4,000. Mwembamba zaidi, wa 120 kwa 20, una mzunguko ule ule, na eneo lake ni 2,400 tu, wala si hata nusu ya lile la kwanza. Kadiri shamba linavyorefuka na kuwa jembamba, ndivyo ardhi inavyopotea ndani ya mzunguko ule ule.

Na katika maumbo yote yenye mzunguko mmoja, lenye eneo kubwa kuliko yote ni duara. Mzunguko wa 280 ukiwa duara, eneo lake ni zaidi ya 6,200. Ndiyo maana kihenge cha nafaka kilichosukwa mviringo huchukua nafaka nyingi kwa fito chache. Lakini mashamba hatuyakati kwa duara, kwa maana maduara hayawezi kupangwa pamoja bila kuacha nafasi za bure katikati. Mistatili hupangika ukuta kwa ukuta.

Sasa tuwarudie watu wetu wawili. Neno lile lilimfikia mjukuu wa mzee, binti wa darasa la saba. Akaenda kwa babu yake jioni akamwambia, "Shikamoo, babu. Nakuomba kamba ndefu na vigingi vinne, na ruhusa yako, mimi na baba mdogo tulipime shamba mbele yako."

Mzee akacheka. "Tumelipima mara mbili, mjukuu wangu. Pande hazikuongezeka wala hazikupungua."

"Babu, pande sitazigusa. Nitapima katikati."

Asubuhi wakaenda wote watatu. Binti akapiga kigingi katika kila kona. Akamwomba babu yake atembee kwa hatua zake zile zile, kutoka kona ya barabarani mpaka kona inayoikabili, kwa njia iliyo fupi. Mzee akatembea akihesabu kwa sauti, akapata 70. Huo ukawa ulalo, na binti akatandaza kamba mahali pale. Kisha akasimama katika kona ya tatu akiwa na kamba nyingine, na kijana akashika ncha yake akitembea juu ya ile kamba ya ulalo, mpaka alipoona mahali ambapo kamba ya binti ni fupi kuliko pote. Hapo ndipo penye pembe mraba, na urefu ule ndio kimo. Mzee akaupima kwa hatua: 60 na nusu. Wakaenda kona ya nne wakafanya vivyo hivyo, nako wakapata 60 na nusu.

Binti akaandika juu ya mchanga kwa kijiti. Eneo la kila pembetatu ni nusu ya ulalo mara kimo. Basi kwa pembetatu zote mbili, jumlisha vimo viwili upate 121, zidisha kwa ulalo 70 upate 8,470, kisha chukua nusu: 4,235.

Eka moja ni yadi za mraba 4,840, ambazo ni mita za mraba 4,047 hivi. Hatua ya mzee ilikuwa karibu na yadi moja. Toeni 4,235 katika 4,840, mtaona zimebaki 605. Hiyo ni sehemu moja katika nane ya eka. Na sehemu moja katika nane ya mashimo 18,000 ni 2,250. Ile mbegu iliyobaki katika gunia haikuwa na uongo.

Mzee akatazama hesabu ile kwa muda. Kisha akamwambia mpwa wake, "Nilidhani umebana mbegu ili unirudishe nyuma katika bei. Nisamehe."

Kijana akajibu, "Nami, mjomba, nilidhani ulijua. Nisamehe zaidi wewe, kwa maana mimi ni mdogo wako."

Mzee akasema, "Ningalijua, nisingalinunua mbolea ya eka moja kila mwaka na kuimwaga yote hapa. Miaka mingapi nimejitoza mwenyewe!" Wakapatana kodi ihesabiwe sehemu saba katika nane, na ile iliyozidi ikarudishwa siku ile ile.

Wasikilizaji, nimewaletea mfano huu kwa sababu ugomvi mwingi wa mashamba hautoki katika wizi. Hutoka kwa watu wawili wakweli waliopima kitu kimoja na kudhani wamepima kingine. Kwa hiyo, mtu akitaka kukodi, kununua, au kugawa urithi, na ashike mambo haya machache.

Kwanza, apime pande zote nne, wala asipime mbili na kuzikisia nyingine. Pili, apime ulalo mmoja, na vimo viwili kutoka kona mbili zilizobaki. Azidishe jumla ya vimo kwa ulalo, achukue nusu. Njia hii hufaa kwa mraba, kwa trapeza, na kwa shamba lililopotoka, maadamu kona zake ni nne, mipaka yake imenyoka, na ulalo wote umo ndani ya shamba. Likiwa na kona tano au sita, aligawe kuwa pembetatu, apime kila moja, ajumlishe. Tatu, atumie kamba yenye mafundo ya mita badala ya miguu, kwa maana hatua ya mtu mrefu si hatua ya mtu mfupi, na hatua ya kupanda kilima si hatua ya kushuka. Penye mteremko, kamba na ishikwe sawa kama maji yalivyotulia, wala isiifuate ardhi. Nne, wenye shamba na majirani wawepo wote siku ya kupima, ili asiwepo wa kusema baadaye, "Mimi sikuona."

Lakini kamba haiondoi kazi ya mpima ardhi. Mambo ya mipaka na haki ya kumiliki ardhi ya kijiji yana sheria yake, nayo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kwa njia ya sheria hiyo. Kamba yako ni ya kukufumbua macho kabla hujatoa fedha, na ya kuzima neno kati ya ndugu kabla halijafika barazani.

Nanyi wanafunzi, nawapeni kazi ya kufanya. Chagueni bustani ya shule au uwanja wenu wa mpira. Pimeni pande nne, kisha mistari miwili ya ulalo. Uwanja ukiwa mstatili wa kweli, mistari hiyo itakuwa sawa. Isipokuwa sawa, tafuteni ni kona ipi iliyopotoka, mmwonyeshe mwalimu. Kisha nendeni nyumbani mkawaombe wazee wenu ruhusa ya kupima shamba moja, kwa adabu, kama yule binti alivyomwomba babu yake.

Mazungumzo yangu yamekwisha.